Makauboi wa Mshahara

Hakuna ranchi duniani iliyowahi kumwajiri mtu ili ampande fahali. Naanza na hilo kwa sababu nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nimetoka kuangalia rodeo, yale mashindano ya makauboi, swali ni lilelile: jamaa alidumu sekunde ngapi mgongoni? Rodeo ya mafahali ipo, ina fedha na wadhamini wake, na fainali zake za kitaifa zimekuwa zikifanyika Las Vegas tangu 1985, ukiacha mwaka 2020. Ninayoizungumzia mimi ni nyingine. Hii ni rodeo ya ranchi, na washiriki wake Jumatatu asubuhi wanarudi kulekule walikotoka, kukaza nyaya za uzio na kuangalia kama mabirika ya kunyweshea yana maji.

Naishi Amarillo, kaskazini mwa Texas. Kila Novemba ukumbi mkubwa wa mji humwagwa udongo ukageuka uwanja, na kwa siku nne timu za ranchi zinashindania ubingwa wa dunia wa chama chao, Working Ranch Cowboys Association, kilichoanzishwa 1995. Hilo la "dunia" ni mazoea ya Wamarekani, tuwaachie wenyewe. Masharti ya kuingia ndiyo yanayoitofautisha: timu hubeba jina la ranchi, au ranchi mbili zilizoungana, na wanaoshindana ni watu wanaoishi kwa kazi ya ranchi. Bingwa wa kuzunguka nchi nzima akikusanya zawadi hana nafasi hapa. Wichita Falls walianza mashindano ya namna hii mapema zaidi, mwaka 1981, na kabla ya hapo majirani walikuwa wakitambiana wao kwa wao kila walipokutana kukusanya mifugo. Mji wa Pecos unajivunia shindano la Julai 4, 1883, ambalo kisa chake kilikuwa ubishi wa kawaida kabisa: nani anatupa kamba vizuri kuliko nani.

Mimi ni mtu wa Kongwa, mkoani Dodoma. Waliosoma historia wanajua kwamba Waingereza walikuja kwetu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kulima karanga, mradi ukafa ndani ya miaka michache, na sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ambayo leo iko chini ya NARCO, kampuni ya ranchi ya taifa. Kwa hiyo ng'ombe wa ranchi si mgeni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni umbali. Kwetu mchungaji anaamka na ng'ombe, anashinda nao, anarudi nao zizini jioni. Anawajua kwa majina na kwa tabia, na fimbo na mluzi vinamtosha. Huku nyanda ni kavu, ng'ombe mmoja anaweza kuhitaji ekari 20 na zaidi kupata malisho ya mwaka, na watu wachache wanatunza mamia ya ng'ombe waliosambaa eneo ambalo hulimalizi kwa miguu. Ng'ombe wa namna hiyo anamwona binadamu kwa nadra. Hana jina. Ukimfuata kwa miguu anakimbia, au kama ana ndama mchanga, yeye ndiye anakufuata wewe. Fimbo haimfikii. Farasi na kamba vimetokana na umbali huo.

Chukua shindano la kukamua, ambalo watu huwa wanalicheka kuliko yote. Anaachiwa ng'ombe jike wa nyama anayenyonyesha. Mtu mmoja yuko juu ya farasi na kamba yake, wenzake wako chini kwa miguu, mmoja ana chupa ndogo mkononi. Wa farasi anatupa kitanzi, kinaingia shingoni, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana mnyama wa kilo 500 ambaye hajawahi kuguswa hasimami eti kwa sababu ana kamba shingoni. Wale wa chini wanamrukia. Mmoja anakumbatia kichwa, mkono mmoja chini ya taya, vidole vya mkono wa pili puani, anakipindua kichwa hadi pua iangalie juu. Mwingine anakata mwendo kwa kuning'inia mkiani. Mwenye chupa anaingia chini na kubana bega lake kwenye paja la ng'ombe, barabara, bila kuacha nafasi. Ukisimama mbali kidogo, teke linakufikia likiwa na nguvu zake zote. Ukigandana na paja, linakusukuma tu. Anavuta chuchu mara mbili tatu, anachomoka mbio hadi kwa mwamuzi, anapindua chupa. Lazima kidondoke kitu. Nimemwona kijana aliyewatangulia wote kufika, akapindua, akatikisa, chupa kavu. Maziwa yote yalikuwa kwenye mkono wa shati.

Nilikuwa nimekaa na jirani yangu, mama mmoja wa Uvira. Amarillo ina Waswahili wengi kuliko unavyodhani: Wakongo, Warundi, Wasomali wanaozungumza Kiswahili cha kambini, wengi wao waliovutwa na viwanda vya nyama. Watu wote wanapiga vigelegele, yeye ananivuta shati. "Baba Neema, na mutoto yake iko wapi?"

"Ndama? Watakuwa wamemtenga nyuma, Mama Furaha."

"Basi wamurudishie. Hii yote ni sababu ya mutoto."

Na ndivyo ilivyo. Ng'ombe wa nyama hakamuliwi. Lakini kila msimu wa kuzaa wapo wachache ambao kiwele kinajaa hadi chuchu zinakuwa nene, ndama mchanga hawezi kuzitia mdomoni. Asipopata dang'a, yale maziwa ya kwanza, katika saa za mwanzo, kinga ya mwili hana, na huenda asivuke wiki. Kauboi akimkuta ng'ombe wa hivyo kwenye mabonde, mbali na zizi lolote, hana daktari wa kumpigia simu wala mbao za kumbania. Anamnasa, anamfunga, anapunguza maziwa mpaka chuchu zinyonyeke, anamsogeza ndama. Mara nyingi yuko peke yake na mbwa. Kule huhitaji kukimbilia kwa mwamuzi, unahitaji tu kuondoka ukiwa na meno yako.

Kamba nayo ina siasa zake. Siku hizi ni ya nailoni, ngumu kiasi kwamba kitanzi kinabaki wazi kikiwa hewani. Mbele ya tandiko la kazi kuna kishikio kilichosimama, wanakiita pembe, na ugomvi wa miaka yote ni jinsi ya kuiunganisha kamba na pembe hiyo. Watu wa Texas wengi huifunga kabisa mwisho wake, kwa hiyo ukishamnasa ng'ombe umefungamana naye, liwalo na liwe. Kule Nevada na jirani zake hubeba kamba ndefu zaidi, hawaifungi, wanaizungusha kwenye pembe mara mbili tatu baada ya kunasa, ili waweze kuilegeza kidogo kidogo mzigo ukizidi. Ni njia ya upole zaidi kwa mnyama na kwa farasi, na wote wawili, Texas na Nevada, walijifunza kutoka kwa wachungaji wa Mexico. Bei yake ni kidole gumba. Kamba inapokazwa na uzito wa ng'ombe, kikiwa kati ya kamba na pembe, kinakwenda. Ukisalimiana na wazee wa fani hii, mara mojamoja unashika mkono wa kulia wenye vidole vinne, na mwenye nao hana habari.

Hapo ndipo farasi anapoonyesha thamani yake. Mpandaji akishaangusha kitanzi na kuruka chini, farasi anabaki peke yake na ng'ombe upande wa pili wa kamba. Farasi mzuri hasubiri maelekezo. Anarudi nyuma hatua moja kamba ikilegea, anageuka ng'ombe akizunguka, macho hayatoki kwake. Wengi ni wa kizazi cha Quarter Horse, ambacho chama chake cha usajili, kilichoundwa 1940, kimekuwa na makao makuu hapa hapa Amarillo kwa miaka mingi. Rodeo nyingi za ranchi zina zawadi mbili zinazoheshimiwa pembeni ya ubingwa wa timu: mtu bora wa kazi na farasi bora. Nimeona watu wakiililia ya farasi.

Lipo shindano la kunasa maksai waliopotea. Mmoja anatupa kamba kwenye pembe au shingo, mwingine kwenye miguu ya nyuma, wa chini anamfunga, halafu mwingine anatolewa. Hili nalo lina kwao. Wakati wa baridi mashamba ya ngano changa ya huku hujaa ndama walioachishwa kunyonya, wamesafirishwa, wamechanganywa, wamepigwa na upepo, na nimonia haiko mbali. Kauboi anapita taratibu katikati yao akitafuta sikio lililolegea na tumbo lililobonyea, yule anayebaki nyuma wenzake wakisogea. Akimwona, anamnasa, anamlaza, anamchoma sindano, anamwekea alama ya chaki ili kesho amtambue, anamwachia. Kumwona ndiyo kazi kubwa, na hilo uwanjani halina pointi.

Sasa chapa, ambayo ningeweza kuizungumzia hadi usiku. Watanzania wanakumbuka zoezi la kupiga chapa mifugo la mwaka 2017, kisha zikaja hereni za kielektroniki, na manung'uniko ya kila zoezi. Huku chapa ni mali inayorithiwa. Inasajiliwa kwa karani wa kaunti, na Texas nzima inaisajili upya kila baada ya miaka kumi. Mara ya mwisho ilikuwa 2021. Wezi wa mifugo bado wapo, na chama cha wafugaji kilichoundwa 1877 katika mji wa Graham kina maofisa wake wenye mamlaka ya kukamata. Ranchi ya 6666, ile ya Guthrie, watu wanapenda kusimulia kwamba mwanzilishi wake Burk Burnett aliishinda kwenye karata akiwa na sita nne mkononi. Hadithi tamu, lakini si kweli. Alinunua ng'ombe mwaka 1868 ambao tayari walikuwa na chapa hiyo. Mtu aliyewahi kuona mwizi anavyogeuza herufi moja kuwa nyingine kwa chuma cha moto ataelewa haraka faida ya sita nne mfululizo.

Uwanjani, kupiga chapa ni mbio. Anatajwa ndama, mtu wa farasi anaingia kundini, anatupa kitanzi chini kabisa ili ndama akanyage ndani yake, anakaza miguu yote miwili ya nyuma, anamburuta hadi kwenye mstari. Wawili wanamlaza, wa tatu anakuja na chuma kilichochovywa kwenye chokaa au rangi, anagusa, wanaachia, wanamfuata mwingine. Chuma hakina moto.

Niliwahi kualikwa na mfanyakazi mwenzangu kwenye ya kweli, masika, kwa shemeji yake. Pale chuma kina moto, gesi inanguruma, harufu ya manyoya yaliyoungua inakaa kwenye shati mpaka uifue mara mbili. Ndama mmoja analala chini chini ya dakika moja, na katika muda huo anapigwa chapa, anachanjwa, anahasiwa kama ni dume, anakatwa alama sikioni, na kurudi kwa mama yake akiwa amekasirika. Majirani wote wamekuja bila malipo, kesho kutwa watakwenda kwa jirani mwingine. Mtu wa kijijini kwetu aliyezoea kulimiana kwa zamu angejua akae wapi na ale saa ngapi.

Kilichonishika zaidi ni adabu. Huombi kuingia na farasi kuvuta ndama. Mwenye ng'ombe anakuita kwa jina, na wakubwa huitwa kwanza. Vijana wanashinda chini kwenye vumbi wakilaza ndama, wakisubiri mwaka watakaoitwa. Hupiti mbele ya farasi wa mwenzako. Hukatizi kati ya msimamizi na kundi. Mtu akishuka kufunga geti, hakuna anayeondoka mpaka apande tena, kwa sababu farasi wake akiona wenzake wanakwenda hatasimama atulie apandwe. Nilipewa kazi ya kubeba sindano za chanjo. Nikaona nimeheshimiwa vya kutosha.

Katika mashindano yote, ninalolipenda ni la kutenga, na huwa ndilo watu wanalitumia kwenda kununua soda. Kuna kundi upande mmoja wa uwanja, kila ng'ombe na namba yake mgongoni. Namba inatajwa, timu inapaswa kuwatoa watatu wenye namba hiyo na kuwaingiza kwenye zizi dogo upande wa pili. Wakivuka wasiohusika kupita idadi inayoruhusiwa, mmetoka. Hakuna kamba hapa. Mpandaji anaingia katikati kwa mwendo wa kutembea, karibu na kulala, na ng'ombe wanamfungukia njia. Wote wanageuka, yule mmoja tu anajikuta nje, na bado hajaelewa ametokaje.

Temple Grandin, profesa wa Colorado ambaye miundo yake ya mazizi na njia za kupitishia ng'ombe imeenea Marekani nzima, amelieleza hilo kwa maneno yanayoeleweka. Kila ng'ombe ana mpaka wake. Ukiwa nje ya mpaka anakuangalia, ukiingia anasogea, ukiingia sana anakimbia. Na bega ndiyo mizani: ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukivuka mbele ya bega anarudi nyuma. Hatua yako moja tu inamgeuza. Wachungaji wa Kigogo niliokua nikiwaona wanafanya hivyohivyo kwa fimbo iliyonyooshwa bila kumgusa mnyama, na hawakuwahi kuandikiwa kitabu.

Hapa niseme ninaloamini, na mashabiki watanisamehe. Uwanja unaonyesha kazi hii ikiwa imeharibika. Ng'ombe anayekimbia, kamba inayorushwa kwa kasi, watu wanne juu ya mnyama mmoja, hayo ni mambo ya siku mbaya. Kwenye ranchi nzuri msimamizi akiona unakimbiza ng'ombe wake unasikia maneno, na kama unatupa kamba kwa kujifurahisha, unafungasha. Kuna sababu ya pesa: ng'ombe anauzwa kwa uzito, na anayekimbizwa kutwa anapungua. Kuna sababu ya kesho pia, kwa kuwa ng'ombe hasahau. Ukimtisha leo kwenye geti, mwezi ujao geti hilo halipitiki. Fundi wa kweli anahamisha ng'ombe mia tatu asubuhi moja, vumbi halinyanyuki, hakuna aliyepaza sauti, na ukimtazama utadhani hana kazi. Huwezi kumuuzia mtu tiketi aje aangalie hilo.

Watetezi wa wanyama hawalipendi shindano la kukamua, na sioni kwamba wanazusha. Kilichofanywa porini ili ndama aishi, hapa kinafanywa ili saa isimame. Waandaaji wana waamuzi na sheria za kuondoa timu inayotesa, na nimeona zikitumika. Mimi nakwenda, nalipa, na hilo halinizuii kumwonea huruma yule ng'ombe.

Utupaji kamba mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia haumo kwenye rodeo kabisa. Kwenye ranchi kubwa ambazo bado zinatoka na gari la jikoni, lile la kuwapikia watu wakiwa malishoni, wakati wa masika, kila mtu ana farasi wake kadhaa ndani ya kundi moja, na alfajiri, kabla ya jua, kundi linasogezwa kwenye duara la kamba lililoshikwa na watu. Msimamizi anasimama katikati, mtu anataja farasi anayemtaka kwa leo, naye anamnasa katikati ya giza na vichwa vinavyogongana. Hazungushi kamba juu ya kichwa, maana kundi zima lingepasuka. Ni mzunguko mmoja tu wa mkono kwa kinyume, kitanzi kinasimama hewani kikiwa wima, kinatua taratibu juu ya kichwa cha farasi huyohuyo. Wanaiita houlihan. Watu thelathini wanahudumiwa hivyo kabla ya kiamshakinywa, na vikombe vya kahawa havijapoa.

Kwenye farasi wa kurusha, rodeo ya ranchi inakaribia ile ya Las Vegas, ila tandiko ni lilelile la kazini, lenye pembe, na mpandaji anaruhusiwa kushika kwa mikono miwili. Mpaka sekunde nane. Wengine hufunga mbele ya tandiko ukanda mdogo wa ngozi wa kujishikizia, na hakuna anayewaona waoga, kwa sababu kazini farasi mchanga akipinda mgongo asubuhi yenye barafu, maili kumi kutoka nyumbani, kitu cha maana ni wewe kubaki juu yake. Kwa namna gani, ni shauri lako.

Nikikaa pale juu nawaza pia nani hayumo kwenye picha ya kauboi tuliyoletewa na sinema. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika miaka ya kuswaga ng'ombe kwenda reli za Kansas, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Wengi walijifunza kazi wakiwa watumwa. Bose Ikard alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa kuaminiwa wa Charles Goodnight, yule aliyetengeneza gari la jikoni mwaka 1866 na miaka kumi baadaye akaanzisha ranchi ya JA katika bonde la Palo Duro, si mbali na hapa ninapoandika. Ikard alipofariki, Goodnight ndiye aliyemwekea jiwe la kaburi kule Weatherford na kuchonga sifa zake. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, naye alikuwa mtu wa ranchi. Aliwaona mbwa wakimdhibiti ng'ombe kwa kumng'ata mdomo, akaanza kuruka kutoka kwenye farasi na kufanya vivyo hivyo kwa meno yake. Kumwangusha maksai kwa pembe, shindano linalofanyika leo kwenye kila rodeo kubwa, linatokana naye. Kuna mashindano ya makauboi weusi yanayobeba jina lake tangu 1984, yanazunguka miji mingi, na ukienda utakuta babu, mwana na mjukuu juu ya farasi watatu.

Na mshahara? Haujawahi kuwa wa kutajika. Mwaka 1883 makauboi wa ranchi kadhaa za huku Panhandle, yaani kaskazini mwa Texas, waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi, na zaidi ya hapo walitaka haki ya kuwa na ng'ombe wao wenyewe, ambayo makampuni mapya ya wawekezaji yalikuwa yameanza kuwanyima. Walianza na nguvu, wakaishia vilabuni Tascosa wakimaliza akiba, na ranchi zikaajiri wengine. Mgomo ulikufa kabla ya kiangazi kuisha. Leo kauboi wa mshahara anapewa nyumba, nyama ya mwaka, nyasi za farasi wake, na pesa ambayo dereva wa lori angeikataa. Farasi akimwangukia akavunjika nyonga, mwezi huo unakuwa mrefu sana. Chama cha hapa Amarillo kina mfuko wa kuwasaidia wanaoumia au kuuguliwa, na watoto wao wanapata msaada wa masomo. Sehemu ya maana ya shughuli hizi za Novemba ni kuujaza mfuko huo. Mnada unaofanyika humo humo, wa matandiko, farasi na vitu vya sanaa, unachangamka kuliko baadhi ya mashindano.

Jambo moja kwa wafugaji wanaonisoma. Kupe waliwasumbua hawa kama wanavyotusumbua sisi. Homa waliyoiita ya Texas ndiyo iliyowafanya watafiti wa Marekani, mwaka 1893, kuonyesha kwamba kupe anabeba ugonjwa, na tangu 1906 serikali ikaendesha kampeni ya majosho jimbo kwa jimbo. Mpaka leo wapo maofisa wanaopanda farasi kando ya mto Rio Grande kutafuta ng'ombe wenye kupe waliovuka kutoka Mexico, wanawanasa kwa kamba ileile. Na wale ng'ombe wa Boran tunaowaona wa kawaida, miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha Clay Center, Nebraska, kiliwajaribu kwa kuwachanganya na ng'ombe wa huku ili kupata wanaovumilia joto. Nilimweleza haya mzee mmoja aliyevaa kofia ya thamani ya mshahara wangu wa wiki. Akaniuliza Boran wana hasira? Nikamwambia, akizaa, mpishe.

Kama uko Texas, Oklahoma, Kansas au New Mexico, Novemba njoo. Kaa karibu na mageti wanakotokea ng'ombe, usikae katikati. Katikati unaona mashindano, huku pembeni unaona watu wakiwaandaa wanyama, na nusu ya ujuzi iko hapo. Kitanzi kikishaingia, acha kumwangalia mtu, mwangalie farasi. Kwenye kutenga usiende kununua soda. Ukipita kwenye mabanda ya biashara na kuulizia bei ya tandiko la kutengenezwa kwa mkono, jitahidi usishtuke kwa sauti. Mama Furaha alishtuka kwa sauti, fundi akatuvuta ndani kutueleza kila mshono na kila tabaka la ngozi, naye akawa anauliza maswali ya maana kuliko yangu, na timu niliyokuwa naishangilia ikamaliza kupiga chapa sisi bado tupo pale.